Kidonge Kimoja, Miili Miwili

Tlawi, Mbulu
12 Februari 2006

Mdogo wangu Monica,

Nimefika nyumbani salama. Felician, mwanangu mkubwa, alinipokea stendi ya Mbulu akataka kunibeba mgongoni, nikamwambia nimekatwa shingo, sijakatwa miguu.

Wanawake wa huku wanakuja kunitazama. Wananigeuza huku na huku kama wananunua mbuzi. Goita niliyoibeba miaka kumi na tisa haipo, na mmoja ameapa kwamba nimekuwa mfupi. Mume wangu Emanuel naye, jana nilimkuta amenikazia macho mpaka chai yake imepoa.

Usingekuwa wewe kwenye kitanda cha jirani, ningetoroka. Asubuhi ile nilikuwa nimeshavaa viatu. Ukasema, "Dada, acha nitangulie mimi. Nikirudi mzima, utaingia. Nisiporudi, viatu unavyo tayari." Ukarudi huwezi kuongea, ukaninyanyulia mkono tu. Sitasahau.

Vidonge nimeanza. Kimoja kila asubuhi, maisha yote, kama Dokta Pascal alivyotuambia sote wawili, kwa kuwa tezi imetolewa yote na mwili hauna tena pa kutengenezea ile homoni. Nikishasali nameza na maji. Wewe unaendeleaje?

Dada yako,
Verediana Akonaay


Nangwa, Hanang
1 Machi 2006

Shikamoo dada Verediana,

Barua yako nimeipata kwa mwalimu aliyetoka Katesh. Nimecheka mpaka kidonda kikavuta.

Mimi naendelea vizuri. Mume wangu Yonas amefurahi, na watoto hawaniogopi tena nikikohoa. Mama mkwe ndiye bado ana mashaka. Anasema kitu alichokipanda Mungu shingoni, binadamu amekitoa, sasa mahali pale pataingia nini? Nimemwambia patakaa shanga.

Vidonge nameza kila siku na maziwa ya moto, nikitoka kukama. Maji ya kunywa kwetu ni safari, maziwa yapo mlangoni. Sijasikia shida yoyote.

Baba yangu, mzee Gidamis, anakusalimu. Anauliza wewe mwanamke wa milimani unayelima vitunguu saumu utamletea lini.

Mdogo wako,
Monica


Tlawi
23 Aprili 2006

Monica mdogo wangu,

Nina jambo la kukuuliza, nawe unijibu kama tulivyokuwa wodini, bila kuficha.

Hivi vidonge vinakufanya nini? Mimi moyo unakimbia. Nikilala nausikia kwenye sikio lililo juu ya mto, kama mtu anatwanga. Mikono inatetemeka. Jumapili nilishika kitabu cha masomo kanisani, karatasi ikawa inapiga kelele kwenye kipaza sauti, watu wakanyanyua vichwa. Nikitoka shambani nguo imelowa jasho na Tlawi kuna ukungu. Nakula kuliko Emanuel, lakini gauni linanipwaya.

Emanuel anasema nirudi hospitali. Ni mbali, na wiki hii tunapanda vitunguu. Kama na wewe unasikia hivi, basi nitajua ndivyo dawa ilivyo.

Verediana


Nangwa
14 Mei 2006

Shikamoo dada,

Pole sana. Mimi sisikii hivyo. Nalala vizuri, nakula vizuri, kazi nafanya. Labda mwili wako bado haujaizoea. Vumilia dada. Ukiacha kidonge utarudi kubaya, Dokta alisema. Mimi na wewe tulikatwa siku moja na kisu kimoja, kidonge ni kilekile. Kama mimi nimeweza, na wewe utaweza.

Nisamehe barua ni fupi. Kuna kazi nyingi.

Monica


Tlawi
9 Julai 2006

Monica,

Nimevumilia.

Kuna mengine yameongezeka. Hilda, jirani yetu, aliingia asubuhi akanikuta nameza. Akaniuliza, "Kila siku, Mama Felician?" Nikamwambia kila siku. "Saa ileile?" Saa ileile. Akatazama mkono wangu, akatazama gauni langu, akasema pole kwa sauti ya msibani.

Unajua mwaka huu wameanza kugawa zile dawa za kurefusha maisha. Mtu akikonda na akimeza kidonge kila siku, watu wanamaliza hesabu wenyewe. Kwenye jumuiya sasa hakuna anayeomba kikombe nilichonywea. Nimeeleza kwamba ni dawa ya tezi. Wanaitikia kwa kichwa. Kadiri ninavyoeleza ndivyo wanavyozidi kuitikia kwa kichwa.

Sijui nifanyeje. Lakini umesema wewe unaweza, nami nitajitahidi.

Verediana


Tlawi
3 Septemba 2006

Monica mdogo wangu,

Usihangaike tena juu yangu. Moyo umetulia, mikono haitetemeki, na mwili umeanza kurudi. Ulisema kweli, ni kuzoea tu. Dawa naendelea nayo.

Nimechoka kidogo siku hizi. Ni baridi.

Verediana


Nangwa
2 Oktoba 2006

Dada,

Nafurahi. Mimi pia niko vizuri. Barua nitaandika nyingine ndefu.

Monica


Tlawi
12 Novemba 2006

Shemeji Monica,

Hunijui isipokuwa kwa jina. Mimi ni Emanuel, mume wa Verediana. Mke wangu hajui kwamba nakuandikia, nami si mtu wa barua.

Nitasema mambo yalivyo. Mke wangu anakaa jikoni kutwa nzima, amejifunika blanketi mbili, moto unawaka, na bado anasema baridi. Uso umevimba. Sauti imekuwa nzito kama ya mwanamume. Nikimuuliza jambo, jibu linachukua muda kufika. Juzi aliweka mahindi jikoni akayasahau mpaka yakawa mkaa, naye amekaa palepale anayaangalia. Yule si Verediana ninayemjua mimi, anayejibu kabla hujamaliza kuuliza.

Jumanne nilikuwa natafuta mbegu za maharage. Ndani ya debe la mbegu, chini kabisa, nimekuta vidonge vimefungwa kwenye kitambaa. Vingi. Nimehesabu, ni vya miezi mitatu na zaidi. Kumbe hanywi. Sijamwambia kwamba nimeviona.

Sasa nakuuliza wewe uliyelala naye wodi moja, uniambie ukweli. Hizi ni dawa za nini? Watu wa hapa wanasema neno fulani. Mimi nilikuwa sisikilizi, lakini mtu akificha dawa na wewe unaanza kufikiri. Mwezi uliopita nilikwenda Mbulu peke yangu nikapima. Majibu yalikuwa mazuri. Lakini kama yeye anao ule ugonjwa, niambie, usiogope. Sitamfukuza. Sina mahali pengine pa kukaa ila pale alipo. Akimeza, nitakaa naye anapomeza. Ninachotaka ni ajue kwamba hakuna haja ya kunificha kwenye debe la mbegu.

Nijibu haraka. Nimempa barua hii dereva wa lori la vitunguu, atasubiri jibu Katesh siku ya mnada.

Emanuel Akonaay


Katesh, mnadani
17 Novemba 2006

Shikamoo shemeji Emanuel,

Naandika nimekaa kwenye gunia, dereva ananisubiri, kwa hiyo sitapamba maneno.

Si ule ugonjwa. Nakuapia. Ni dawa ya tezi tu. Tezi yake imetolewa yote, na bila kidonge mwili unazimika polepole kama taa inayoishiwa mafuta. Hayo yote uliyoyaandika, baridi, uso, sauti, kusahau, ni kwa sababu hanywi. Mpeleke hospitali kesho, si keshokutwa. Mwambie Dokta amekaa miezi mingapi bila dawa. Usimpe wewe mwenyewe vile vya kwenye debe. Vilimpiga moyo, ndiyo maana aliviacha. Dokta ndiye ajue aanze na kiasi gani.

Na jambo la pili, shemeji. Kosa ni langu. Aliniuliza kama nami naumwa, nikamwandikia kwamba niko vizuri. Sikuwa vizuri. Tangu mwezi wa nne nasikia baridi, nywele zinabaki kwenye kitana, vidole vinakufa ganzi, nalala nimeegemea ng'ombe ninayemkama. Nilimwambia vumilia kwa kuwa mimi ndiye niliyemtia moyo akubali kukatwa. Niliona nikisema naumwa, ataona nilimdanganya tangu mwanzo. Ndipo nikamdanganya kweli.

Mpeleke.

Monica Gidamis


Hospitalini
8 Desemba 2006

Monica,

Ni mimi. Mkono unaandika taratibu lakini ni wangu.

Emanuel alinileta na gari la parokia. Njia nzima mvua ilinyesha, tulikwama mara mbili, naye alinishika kichwa kisigonge dirisha. Tulipofika mbele ya Dokta Pascal alitoa kile kitambaa mfukoni akakiweka mezani, akasema, "Dokta, mke wangu alikuwa na sababu. Naomba umsikilize."

Basi nikasema yote. Moyo, mikono, Hilda, kikombe. Dokta hakunigombeza. Akanipandisha kwenye mzani. Akauliza, "Yule mwenzako Monica ana kilo ngapi?" Nikamwambia wewe ni mrefu kama mlingoti wa bendera ya shule. Akasema, "Wewe una kilo arobaini na mbili. Kidonge kinachomtosha yeye, kwako ni kingi. Homoni ilikuwa imepita kiasi, moyo wako haukuwa unadanganya." Wamechukua damu kuipeleka Moshi kupima. Anasema tangu mwanzo nilitakiwa kurudi kupimwa baada ya wiki sita, niliandikiwa hata kwenye kadi. Kadi ilikuwa inazibia tundu la dirisha nyumbani.

Sasa ananianzisha chini kabisa. Robo ya kidonge. Nesi anakipasua kwa wembe juu ya kisosi, makombo anayaokota kwa kidole kilicholowa na kunitilia mdomoni. Moyo uliokaa baridi muda mrefu haupewi moto wote kwa siku moja, ndivyo alivyosema Dokta. Baada ya wiki sita, nusu, tukiona moyo umekubali. Tena damu. Tena tutaona.

Emanuel amenieleza ulichomwandikia juu ya hali yako, lakini barua yenyewe hanionyeshi.

Nimekukasirikia siku mbili. Leo ni siku ya tatu na imepungua. Mimi pia nilikuandikia kwamba naendelea na dawa wakati nimeshaizika kwenye maharage. Kwa hiyo tusihukumiane. Lakini wewe uje hospitali, Monica. Mimi nimeulizwa habari zako nikakosa la kusema, kwa sababu yote niliyojua yalikuwa ya uongo.

Verediana


Nangwa
21 Januari 2007

Shikamoo dada Verediana,

Nimekwenda. Yonas aliuza dume mmoja bila kunung'unika.

Dokta alinisikiliza, akaniuliza swali moja tu: "Unameza na nini?" Nikasema maziwa. Akaweka kalamu chini. Kumbe maziwa yanakishika kidonge tumboni, hakiingii chote kwenye damu. Mwaka mzima nimekuwa nameza na kutupa. Hakuniongezea hata kidogo. Ameniambia nimeze na maji matupu nikiamka, ndipo niende kukama. Nikimaliza ng'ombe, saa imepita, ndipo ninywe maziwa yangu. Sasa nina kidumu changu cha maji chini ya kitanda, na watoto wamekatazwa kukigusa.

Wiki ya tatu hii. Ganzi bado ipo. Usingizi umepungua kidogo. Sitakuambia niko vizuri mpaka niwe vizuri.

Kuna jambo ambalo sikumwambia shemeji. Ule mwezi wa kumi nilipokuandikia mstari mmoja, mimba ilikuwa imetoka siku nne kabla. Ya miezi mitatu. Nilimwambia Dokta, akasema homoni ikiwa chini inaweza kuwa ndiyo sababu, hawezi kuapa. Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa sina mkono wa kuliandika. Leo nimelipata neno lenyewe na ni fupi tu.

Monica


Tlawi
17 Juni 2007

Monica mdogo wangu,

Nilipopata ile barua yako ya Januari nilikaa nayo kanisani. Sikuomba kitu, nilikaa tu.

Sasa habari zangu, bila sukari. Robo ilinipa macho. Nusu ilinipa miguu. Mwezi wa tatu tulijaribu kidonge kizima tena, kwa kuwa majibu ya Moshi yalionyesha bado niko chini, na wiki ya pili moyo ukaanza kutwanga. Safari hii sikuficha. Nilimwamsha Emanuel, akaweka sikio kifuani kwangu akasema, "Twende." Dokta akatushusha kwenye robo tatu. Hapo ndipo mahali pangu. Damu ya mwezi uliopita imesema homoni imefika, iko chini chini lakini ndani ya mstari. Zipo asubuhi ninaamka mzito, na jua likitoka napata nafuu. Emanuel ndiye mpasuaji. Amenunua wembe wake wa kazi hiyo, hanyoi nao ndevu.

Hilda bado anatazama. Nimeacha kumweleza. Nameza mlangoni kwangu, anayetaka kutazama atazame.

Wewe je? Sema.

Verediana


Nangwa
19 Agosti 2007

Shikamoo dada,

Nasema. Nina mimba, miezi miwili na nusu. Nywele zimerudi, vidole vinashika sindano, na mimba imeingia. Yonas amepeleka ng'ombe bondeni kutafuta malisho, hajui bado. Wewe ni wa pili kujua.

Wa kwanza ni mama mkwe, ambaye sikumwambia, alijua mwenyewe kwa kunitazama. Tangu siku hiyo amenikataza kumeza dawa. Anasema dawa ya mtu mzima itamchoma mtoto, na kwamba ile iliyotoka mwaka jana ilitoka kwa ajili ya vidonge. Amekichukua kidumu changu cha maji. Vidonge ninavyo, nimeze wapi? Nikienda kukama, yuko. Nikilala, yuko. Ni mama mzuri, dada, ndiyo maana ni vigumu. Angekuwa mbaya ningejua la kufanya.

Leo ni siku ya sita sijameza. Nakuambia wewe kwa sababu tulikubaliana.

Monica


Nangwa
4 Septemba 2007

Mume wangu Emanuel,

Nimefika. Kutoka Katesh nilipata baiskeli ya kukodi, mlima Hanang ukiwa umefunikwa mawingu mpaka kiunoni. Nisamehe kwa kukuachia vitunguu vikiwa bado ardhini.

Nilimkuta Monica hajameza wiki tatu. Mama mkwe wake alinikaribisha vizuri sana, akanipa kiti chake mwenyewe. Nilimpa shikamoo, nikampa fungu la vitunguu saumu, nikangoja tule. Ndipo nikavua kitambaa cha shingo nikamwonyesha kovu. Kiswahili chake ni kidogo, Monica akawa anatafsiri huku anaona haya.

Akasema, "Mtoto aliye tumboni hana goita. Dawa ya goita ni ya nini kwake?"

Nikamwambia, "Mama, mimi nilikaa miezi minne bila hivi vidonge. Nilikaa karibu na moto mpaka sketi ikaungua, na ndani nilikuwa barafu. Mtoto hana nyumba nyingine, anakaa mwilini mwa mama yake. Unataka akae kwenye baridi ile?"

Monica alitafsiri nusu, akasimama, akamalizia. Mama mkwe alisogeza kuni motoni. Alitazama moto muda mrefu, akaenda kulala.

Asubuhi nilisikia mlango. Alikuwa ni yeye, na kikombe mkononi. Nikachungulia nikiogopa ni maziwa. Yalikuwa maji. Alisimama pale mpaka Monica akameza, akamfungua na mdomo kuhakikisha kama anavyofanya kwa ndama. Kesho yake tukaenda wote watatu hospitali. Dokta amemwongezea Monica robo, anasema mimba inataka zaidi, na arudi kupimwa kila mwezi. Mama mkwe alimuuliza maswali mengi kuliko sisi. Moyo wa mtoto tumeusikia wote kwa chombo cha kusikilizia tumboni.

Nitakaa hapa mwezi mmoja, mpaka Yonas arudi na ng'ombe.

Emanuel, Monica amenionyesha barua yako ya mwaka jana. Nilimwomba mwenyewe. Sikujua kwamba ulikwenda kupima peke yako. Sikujua kwamba uliwaza nina ule ugonjwa, ukaendelea kulala upande wangu wa kitanda na kunipashia maji ya kuoga. Umeandika kwamba huna mahali pengine pa kukaa ila pale nilipo. Nimesoma mara tatu. Miaka ishirini na sita ya ndoa hujaniandikia barua hata moja, na hiyo ya kwanza umempelekea mtu mwingine.

Niandikie na mimi. Anwani unayo.

Verediana wako


Tlawi
13 Septemba 2007

Mke wangu Verediana,

Nimeanza karatasi hii mara nne.

Vitunguu tumeanza kung'oa, mimi na Felician. Ni vizuri kuliko vya mwaka jana. Ng'ombe wa madoa amezaa, jike. Hilda alikuja kuuliza umekwenda wapi. Nikamwambia umekwenda kumtibu mtu. Akauliza kama goita ya mama yake inaweza kukatwa. Nimemwambia asubiri urudi, wewe ndiye unayejua.

Ulichukua vidonge vya wiki mbili tu, niliona kwenye kopo. Nimepasua vingine, robo tatu robo tatu, nikavifunga kimoja kimoja kwenye karatasi na kuandika siku juu yake, Jumatatu mpaka Jumapili, mara tatu. Dereva wa lori anavyo. Nimemwambia aviweke kwenye mfuko wa shati, si kwenye dashibodi, jua linaviharibu.

Yale niliyomwandikia shemeji ni kweli mpaka leo. Sijui kuyaandika zaidi ya hapo.

Nyumba ni kubwa. Vidonge vikibaki vya siku mbili uniambie, nije kukuchukua.

Emanuel